Zebaki Katika Sabuni: Sumu Inayopita Kwenye Ngozi

Leo tutajifunza juu ya sumu moja. Sumu hii haina harufu. Ikigusa mkono haichomi wala haiwashi. Huingia nyumbani ikiwa imefungwa katika karatasi nzuri yenye picha ya mwanamke mrembo. Huuzwa dukani na gulioni kama sabuni au mafuta ya kujipaka. Sisi wenyewe tunatoa fedha zetu kuinunua. Kisha tunajipaka kila siku, na watoto wetu tunawapakata.

Sumu hiyo ni zebaki iliyounganishwa na madini joto. Jina lake la kitaalamu ni zebaki iodidi.

Katika somo hili tutajibu maswali manne:
1. Zebaki iodidi ni kitu gani?
2. Inatengenezwaje, na tabia zake ni zipi?
3. Inafanya nini ndani ya mwili?
4. Sisi tufanye nini?

ZEBAKI NI NINI?

Zebaki ni metali, kama vile chuma, shaba na risasi zilivyo metali. Lakini zebaki ina ajabu yake. Chuma ni kigumu. Zebaki ni majimaji. Humiminika kama maji, na hung'aa kama fedha. Tena ni nzito sana. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki ina uzito wa zaidi ya kilo 13.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaijua zebaki. Huichanganya na mchanga wenye dhahabu ili inase dhahabu. Zebaki hushikamana na dhahabu mara moja. Kumbuka jambo hili. Tutalirudia mbele.

KUCHANGANYA NA KUUNGANA

Kabla ya kuendelea, hapana budi tujue tofauti kati ya kuchanganya na kuungana.

Chukua mahindi na maharage, uyatie katika chungu kimoja. Umechanganya. Ukitaka, unaweza kuyachambua tena. Mahindi yamebaki mahindi, na maharage yamebaki maharage.

Sasa liache jembe kwenye mvua. Baada ya siku chache linaota kutu. Kutu imetoka wapi? Chuma cha jembe kimeungana na hewa kwa msaada wa maji. Je, kutu ni chuma? Hapana. Ni hewa? Hapana. Ni kitu kipya, chenye rangi yake na tabia yake. Huwezi kuchambua kutu kwa vidole ukapata chuma tena. Huku ndiko kuungana.

Chumvi ya mezani ni mfano mwingine. Imetokana na vitu viwili, sodiamu na klorini. Sodiamu peke yake ni metali inayolipuka ikiguswa na maji. Klorini peke yake ni hewa ya sumu. Lakini vikiungana tunapata chumvi, nasi tunakula kila siku bila madhara.

Basi, mambo yanaweza pia kwenda kinyume. Madini joto ni kitu kizuri kikitumika kwa kiasi kidogo. Hutiwa katika chumvi ili kutukinga na rovu, yaani uvimbe wa shingo. Lakini madini joto yakiungana na zebaki, kinachozaliwa ni sumu. Kwa hiyo usidanganyike ukisikia sabuni ina madini joto ndani yake. Uliza, yameungana na nini?

INATENGENEZWAJE?

Zebaki iodidi haichimbwi kama mchanga. Hutengenezwa na wataalamu, kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza: zebaki huunganishwa na klorini. Hupatikana unga mweupe unaoitwa zebaki kloridi. Unga huu huyeyuka katika maji. Nao ni sumu kali. Zamani ulitumika hospitalini kuua vijidudu. Watu walioumeza kwa bahati mbaya walikufa.

Hatua ya pili: maji yenye unga huo hukutanishwa na maji mengine yenye chumvi ya madini joto iitwayo potasiamu iodidi. Maji ya kwanza ni meupe kama ya kisimani. Maji ya pili nayo ni meupe. Yakikutana, papo hapo hutokea rangi nyekundu kama pilipili iliyoiva. Unga mwekundu huanza kuzama. Huchujwa, huoshwa, halafu hukaushwa. Huo ndio zebaki iodidi.

Ndugu msomaji, tumeeleza haya ili ujue kitu hiki kinatoka wapi. Si kazi ya kujaribu nyumbani.

TABIA ZA ZEBAKI IODIDI

Kwanza, rangi yake hubadilika. Ukipashwa moto kupita nyuzi 126, unga huu mwekundu hugeuka kuwa wa njano. Ukipoa, hurudia wekundu wake. Kinyonga hubadili rangi, lakini hubaki kinyonga. Na sumu hii ni hivyo hivyo. Tena unga kidogo ukichanganywa na sabuni yenye rangi nyingine, macho hayawezi kuutambua.

Pili, hauyeyuki vizuri katika maji. Watu wengi husema, "Mimi najisugua, kisha najimwagia maji. Sumu yote inaondoka." Sivyo. Zebaki iliyo katika sabuni na mafuta hushika ngozi, na hupenya kupitia vinyweleo na matundu ya jasho. Wengine huacha povu likauke mwilini usiku kucha. Hao hujitia sumu zaidi.

Tatu, zebaki ndani yake ni nyingi. Katika kila gramu 100 za unga huu, gramu 44 ni zebaki.

Nne, moto hauiondoi zebaki. Ukiichoma sabuni hiyo, zebaki hugeuka mvuke. Mvuke huo huvutwa na aliye karibu, nao ni hatari zaidi.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba sabuni za namna hii huwa na zebaki iodidi kiasi cha sehemu 1 hadi 3 katika kila sehemu 100.

Tuchukue kipande cha sabuni cha gramu 100. Tuseme kina sehemu moja tu katika mia. Basi kina gramu 1 ya zebaki iodidi. Katika gramu hiyo, zebaki yenyewe ni miligramu 440.

Kwa miaka mingi, nchi nyingi zilihesabu kwamba bidhaa ya kujipaka isizidi sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni moja. Kwa kipande chetu cha gramu 100, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya miligramu.

Sasa linganisha. Kipande hicho kimezidi kipimo mara 4,400! Nasi tumekihesabu kile chenye sumu kidogo.

KWA NINI NGOZI HUWA NYEUPE?

Ndani ya ngozi yetu mna kiwanda kidogo cha kutengeneza rangi nyeusi. Rangi hii si uchafu, na wala si kasoro. Ni mwavuli wa mwili. Hutukinga na jua kali la nchi zetu.

Kiwanda hicho hufanya kazi kwa msaada wa chembe za shaba zilizomo mwilini. Zebaki inapoingia huzuia kazi ya shaba hiyo. Ni kama kufuli ambalo mtu ameingiza ufunguo usio wake, ukakwama humo. Ufunguo halali hauingii tena. Kiwanda kinasimama. Rangi mpya haitengenezwi, na ngozi inaanza kuwa nyeupe.

Mtu hujitazama kwenye kioo akafurahi. Hajui kwamba anachokiona si uzuri ulioongezeka. Ni kazi ya mwili iliyosimamishwa na sumu. Akiacha kujipaka, weusi huanza kurudi. Naye huogopa, akaenda kununua sabuni nyingine. Akiendelea miaka mingi, ngozi yenyewe inaweza kugeuka kuwa ya kijivu.

FIGO NI CHUJIO LA MWILI

Zebaki haibaki kwenye ngozi. Huingia katika damu, na damu huipeleka kila mahali. Lakini hukaa zaidi katika figo.

Figo ni chujio. Fikiria chujio la tui la nazi. Chujio zima hupitisha tui na kuzuia machicha. Chujio likitoboka, kila kitu hupita. Figo zima huondoa uchafu wa damu kwa njia ya mkojo, na hubakiza protini mwilini. Tunajua protini ni chakula cha kujenga mwili. Tunaipata katika maharage, samaki, maziwa na nyama. Figo likiharibiwa na zebaki, protini huvuja pamoja na mkojo. Ndipo maji hubaki mwilini na mwili huvimba.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ameamka asubuhi, uso umevimba na macho hayafunguki vizuri. Jioni miguu imejaa. Majirani wanasema amerogwa. Yeye anakwenda zahanati.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Una shida gani?"

"Navimba, baba. Leo ni wiki ya tatu."

"Na mkojo wako ukoje?"

"Una povu, kama maji ya kufulia."

Mganga anauchukua mkojo na kuupima kwa kijikaratasi maalumu. Protini ni nyingi mno. Anamtazama mama yule mikononi. Uso ni mweupe, lakini vifundo vya vidole vimebaki vyeusi.

"Mama, usinifiche. Unaogea sabuni gani?"

Mama anainamisha kichwa. "Ni sabuni ya kuua vijidudu, baba. Tuliambiwa pia inatakatisha. Wenzangu wote gulioni wanainunua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipojifungua. Mwaka wa pili sasa."

"Na mtoto huyu uliyembeba, unamwogesha kwa sabuni hiyo hiyo?"

Mama yule hakujibu. Machozi yalimtoka.

Ndugu msomaji, mama huyu si mjinga. Amedanganywa. Angejuaje yaliyomo katika sabuni ile ikiwa hakuna aliyemweleza? Ndiyo maana tunaandika somo hili.

SI FIGO PEKE YAKE

Zebaki huweza pia kuleta mambo haya:
- mikono kutetemeka;
- kukosa usingizi;
- kukasirika upesi na kusahau;
- ganzi katika mikono na miguu;
- shinikizo la damu kupanda;
- vipele na mabaka kwenye ngozi.

Mama mwenye mimba akijipaka, zebaki humfikia mtoto tumboni. Anayenyonyesha humpa mtoto zebaki kwa maziwa. Na watu wengine wa nyumbani huipata kwa kugusana, kwa taulo na kwa shuka. Mtu mmoja anajipaka, nyumba nzima inapata sumu.

YALIYOONEKANA NAIROBI

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa wakivimba kwa sababu figo zao zilivujisha protini. Madaktari waliwauliza juu ya maisha yao. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya kujichubua. Mafuta hayo yalikuwa na ndugu yake zebaki iodidi, yaani zebaki iliyounganishwa na klorini na amonia. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu baada ya kuyaacha.

Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza: chanzo kilikuwa ni zebaki, si uchawi. La pili: anayeacha mapema anaweza kupona.

WALIIKATAZA KWAO

Mwaka 1976 nchi za Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kukataza zebaki katika bidhaa za kujipaka. Walijua madhara yake. Lakini baadhi ya viwanda vya huko huko viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki na kuziuza Afrika. Kilichokuwa sumu kwa watu wao kilikuwa biashara kwetu. Mpaka mwaka 2003 ndipo Ulaya ilipokataza hata kuziuza nje.

Mwaka 2013 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Minamata juu ya zebaki. Minamata ni mji wa Japani. Watu wa huko walikula samaki wa bahari iliyochafuliwa na zebaki ya kiwanda. Wengi walipooza na wengi walikufa. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Mwaka 2023 nchi za mkataba zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 bidhaa za kujipaka zisitiwe zebaki kabisa, hata kidogo.

Hata hivyo, sheria haifiki kila gulio. Sabuni na mafuta hayo bado hutengenezwa kwa siri na kupitishwa mipakani kwa magendo. Kwa hiyo mlinzi wa kwanza wa mwili wako ni wewe mwenyewe unayejua kusoma.

SOMA KARATASI YA SABUNI

Sasa unajua kusoma. Tumia elimu yako dukani. Kabla ya kulipa, soma maandishi yote. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Tafuta maneno haya, herufi kwa herufi:

MERCURY
MERCURIC IODIDE
AMMONIATED MERCURY
CALOMEL
Hg

Haya yote maana yake ni zebaki. Ukiona mojawapo, rudisha sabuni.

Iko alama nyingine. Karatasi zingine huonya kwamba bidhaa isiguse pete, mkufu, dhahabu wala fedha. Kwa nini? Kumbuka wale wachimbaji. Zebaki hushikamana na dhahabu. Aliyeandika onyo hilo alijua kilichomo. Je, sabuni inayoharibu pete itaacha kuharibu figo?

Bidhaa isiyo na maandishi yoyote, au isiyo na jina la mtengenezaji, usiinunue kabisa. Na mkorogo unaopimwa kwa kijiko gulioni usiuguse. Hakuna ajuaye kilichomo, na zebaki si sumu pekee inayotiwa humo.

TUFANYE NINI?

1. Kama unatumia sabuni au mafuta ya namna hii, acha leo. Usingoje kipande kiishe.

2. Nenda zahanati ukapimwe mkojo, hata kama huvimbi. Mweleze mganga ukweli. Chukua na karatasi ya sabuni ili aisome.

3. Kama unanyonyesha, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu. Acha sabuni, kisha umwulize mganga au mkunga.

4. Uwe na subira. Zebaki hutoka mwilini polepole, kwa muda wa miezi. Usitafute dawa ya kuitapika wala ya kuiharisha.

5. Fua taulo, shuka na nguo zilizogusa bidhaa hiyo.

6. Sabuni iliyobaki usiichome moto. Usiitupe mtoni, kisimani wala chooni. Ifunge katika mfuko wa plastiki, uiweke mbali na watoto, kisha umwulize Bwana Afya wa kata mahali pa kuipeleka.

7. Ukiiona inauzwa, toa habari kwa Bwana Afya au kwa serikali ya kijiji. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, kazi ya kukagua bidhaa za kujipaka iko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS.

8. Akina baba, na sisi tujisahihishe. Tukiwasifu wanawake weupe na kuwadharau weusi, tunawasukuma dada zetu na binti zetu kununua sumu. Tena wako wanaume nao wanaojichubua kwa siri.

MWISHO

Ndugu msomaji, kuoga ni afya. Sabuni ya kawaida na maji safi vinatosha. Kipande cha kufulia kisicho na picha ya mrembo huondoa uchafu vizuri, na figo zako hubaki salama. Mwavuli wa ngozi uliozaliwa nao haununuliwi dukani. Ukichanika, jua halitakuhurumia. Na figo likifa, halishonwi kama nguo.

Msomee jirani yako asiyejua kusoma somo hili. Kinga ni bora kuliko tiba.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Eleza tofauti kati ya kuchanganya na kuungana. Toa mfano wako mwenyewe kutoka nyumbani au shambani.
2. Kwa nini rangi ya sabuni haiwezi kutuonyesha kama ina zebaki?
3. Figo hufanya kazi gani? Ni dalili zipi huonyesha kwamba limeharibika?
4. Kipande cha sabuni cha gramu 100 kina gramu 2 za zebaki iodidi. Kina miligramu ngapi za zebaki yenyewe?
5. Kila mwanafunzi alete darasani karatasi moja ya sabuni au mafuta ya kujipaka. Zisomeni pamoja. Je, mmeona lolote kati ya maneno tuliyoyataja?